Mlango wa Sebule

Watu wote wa kiwandani pale walimwita Nembo, na jina aliloandikishwa nalo kazini lilikuwa limeshasahaulika. Kazi yake ilikuwa kutarizi nembo za shule kwenye mifuko ya mashati: ngao, mwenge, kitabu kilichofunguliwa, na chini yake maneno ya kuwahimiza watoto wasome. Alizitarizi kwa cherehani, kichwa kimeinama, mdomo umebinuka kidogo upande mmoja. Mgeni aliyemwona mara ya kwanza alidhani anaumwa jino. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anadharau.

Alidharau ule mwenge, kwa sababu shule nyingi kati ya zile hazikuwa na hata taa ya uhakika. Alidharau kile kitabu kilichofunguliwa, ambacho tangu aanze kukishona hakijawahi kuandikwa neno. Aliwadharau walimu wakuu waliokuja kulalamika kwamba simba wao anafanana na mbwa, wakati michoro waliyoleta wenyewe ilikuwa ya mbwa. Lakini kilichomchefua kuliko vyote kilikuwa vitambaa vya makochi. Akiingia nyumba ya mtu akakuta makochi yamevalishwa vitambaa vyeupe vyenye maua, hamu yote ya mazungumzo ilimwisha, akakaa pembeni kabisa ya kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari. Kwake mwenyewe hapakuwa na kochi. Palikuwa na mikeka, stuli mbili, na meza ya kazi. Aliyeona haya kukaa kwenye mkeka alikaribishwa kusimama.

Dharau hiyo ilikuwa na kwao. Mama yake alikuwa mtarizi hodari, wa kutarizi kwa mkono, na watu walitoka mbali kumletea mashuka ya maharusi. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, jiko, korido, na sebule. Sebule ndiyo iliyokuwa nyumba. Hivyo vingine vilikuwa kama mabanda ya kuilinda. Ndani yake mlikuwa na makochi, kabati la vyombo la kioo, na kila kitu kilichokuwa na mgongo au mkono kilikuwa kimevishwa kitambaa, na kila kitambaa kilikuwa na maua yaliyoshonwa na mama, mekundu kwa manjano, majani yake yamejaa vizuri hata ungetaka kuyachuma. Mlango wa sebule ile ulikuwa wa mbao nzito, na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la nguo ya mama.

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwao mgeni alipokuja, wenyeji walifukuziwa jikoni wasije wakaonekana miguu. Baba, aliyeijenga nyumba ile kwa jasho lake, alisikilizia redio kwenye korido, juu ya stuli, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa chumba alichokijenga. Alikufa hivyo hivyo, mtu wa korido, na siku ya msiba ndipo alipolazwa sebuleni kwa mara ya kwanza. Nembo alikuwa msichana mdogo wakati huo. Alimtazama baba yake katikati ya maua yale na akafikiri, haya, na wewe leo umekuwa mgeni.

Mwaka mmoja mvua zilikuja mbaya, na paa la chumba cha watoto likaanza kuvuja. Watoto walikuwa watatu: dada mkubwa, kaka, na Nembo kitinda mimba. Mama alipoambiwa kwamba maji yanawadondokea, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kufungua sebule, kutazama dari yake kona hadi kona. Ilikuwa kavu. Akashukuru, akafunga, kisha akawatandikia watoto mkeka chini ya meza ya jikoni, na huko ndiko walikolala mpaka mvua zilipokwisha. Makochi yalilala pakavu peke yao.

Ungemuuliza Nembo alikotoka, angeweza kukwambia hayo tu na asiongeze neno. Mama alimfundisha kutarizi, ndiyo, lakini alimfundisha kwa mkasi: jani likikaa vibaya alilifumua lote mbele ya macho yako, akakurudishia kitambaa bila kusema kitu. Dada mkubwa hakuwa na mkono wa kutarizi. Yeye alipewa kazi nyingine. Kila asubuhi aliazimwa ule ufunguo, akaingia sebuleni kufuta vumbi, akatoka, akafunga, akaurudisha. Kwa macho ya Nembo, dada yake alikuwa askari jela aliyeajiriwa na mwenye jela, na tangu utotoni alimweka kwenye fungu la watu wa kudharauliwa, wala hakuona sababu ya kumtoa huko hata walipozeeka wote.

Mama alipofariki, warithi walikutana kugawana vitu. Kaka alikuwa mtu wa mipango; maisha yake yote alikuwa na mpango, na hakuna hata mmoja uliowahi kuota miguu ukatembea. Mpango wa safari hii ulikuwa kuipangisha nyumba, atie milango ya chuma, apake rangi ya kuvutia wapangaji. Dada mkubwa alisema kwamba yeye hataki chochote ila makochi na kabati la vyombo, kwa ajili ya kumbukumbu. Nembo alisikiliza yote hayo mdomo umebinuka. Zamu yake ilipofika, akasema anataka mlango wa sebule na furushi la vitambaa.

Kaka akacheka mpaka akakohoa. Akamkumbusha kwamba nyumba njema si mlango. Dada hakucheka. Alimtazama mdogo wake, akauliza:

"Mlango bila nyumba utaufungua uingie wapi?"

"Nyumba nilikuwa nayo," Nembo alisema, "na kuingia sikuingia. Angalau nichukue kilichonizuia."

Basi mlango ukabebwa kwa mkokoteni hadi kwake, ukaegemezwa ukutani, na kwa muda mrefu ukabaki pale ukimtazama. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuufanya meza ya kazi. Alipoanza kuupiga msasa ndipo alipoona, chini chini karibu na sakafu, mikwaruzo mingi myembamba. Akakumbuka. Walikuwa wakilala kifudifudi kwenye korido, yeye na kaka, wakichungulia miguu ya makochi kupitia ule uwazi wa chini, na kucha zao zikikwaruza mbao. Akaacha msasa.

Nje ya kiwanda chao palikuwa na mchonga mihuri, mwanamume wa makamo aliyekaa kibandani na kisu chake, akichonga mihuri ya mpira kwa ajili ya maduka na ofisi. Jina lake lilikuwa Bwana Mihuri na utani wake ulikuwa ule ule mmoja: kwamba yeye ndiye pekee anayeandika kinyume na bado watu wanamwelewa. Nembo alimdharau kwa utani huo. Lakini alikuwa amemwona jinsi kisu chake kinavyotoa uzi mwembamba wa mpira bila kukosea, na wino unavyoacha mahali palipochongwa na kushika mahali palipobaki, na sasa kichwani alikuwa na mlango. Akamwomba amwoneshe. Bwana Mihuri akamwonesha namna ya kushika patasi ndogo, namna ya kufuata mkondo wa mbao, namna ya kutandaza wino kwa rola na kulaza kitambaa chenye unyevu juu yake na kukisugua kwa mgongo wa kijiko. Akamwonya pia kwamba picha itatoka imegeuka, kulia kutakuwa kushoto, kwa hiyo achore kinyume.

Nembo aliitikia kama mtu anayeambiwa kwamba maji yanalowesha. Akaenda nyumbani, akaichonga nyumba yao nzima, imepasuliwa katikati kama tikiti ili vyumba vyote vionekane. Kazi ya majuma mengi. Alipoichapa, jiko lilikuwa upande wa sebule na sebule upande wa jiko. Alikaa kwenye stuli akaitazama nyumba iliyogeuka, akajitukana kwa maneno ambayo kwa kawaida aliwawekea walimu wakuu. Kesho yake Bwana Mihuri alirudia utani wake na kwa mara ya kwanza ulikuwa na maana, jambo lililomuudhi zaidi.

Akaugeuza mlango. Upande wa pili, ule uliokuwa ukitazama ndani ya sebule, ulikuwa laini, haujakwaruzwa na mtu. Akachonga upya, safari hii kinyume.

Vile vitambaa vya makochi alivifua, akavipiga pasi, akaviunganisha vikawa kama shuka moja kubwa. Akavipanga kwa namna ambayo maua ya mama yaangukie pale makochi yalipokuwa, na pale hakupaka wino kabisa. Kwa hiyo alipochapa, nyumba ilitoka nyeusi, ukuta kwa ukuta, tofali kwa tofali, na katikati yake sebule ikabaki nyeupe, imejaa maua mekundu na manjano ambayo wino haukuyagusa. Baada ya hapo akachukua sindano. Matone ya mvua aliyashona kwa uzi wa buluu kutoka kwenye paa hadi kitanda kitupu. Baba alimshona kwenye korido, uzi wa kijivu, hana uso, redio ikiwa sikioni. Chini ya meza ya jikoni aliwashona watoto wawili waliokumbatiana, yeye na kaka. Na kati yao na mlango wa uani, ambako maji yaliingia, akashona gunia, kwa kuwa alilikumbuka gunia lile waziwazi: la kahawia, limejaa, limelazwa pale kuzuia upepo, na joto lake. Alilishona kwa uangalifu kuliko vyote, uzi kwa uzi, hadi likawa na uzito.

Bwana Mihuri alipoiona aliusahau utani wake, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo. Yeye ndiye aliyemwita mwandaaji wa maonyesho kutoka ukumbi wa sanaa, kijana mwenye miwani mikubwa na skafu shingoni wakati wa joto. Mwandaaji alizunguka kazi ile akishika kidevu. Alisema inahoji dhana ya nyumbani. Alisema uzi na wino vinazungumza. Alisema gunia lile, hasa, ndilo moyo wa kazi nzima, na akamuuliza Nembo linawakilisha nini.

"Linawakilisha gunia," Nembo akamjibu.

Mwandaaji akaandika jibu hilo kwa furaha. Nembo akamwongeza kwenye fungu la kudharauliwa, karibu na walimu wakuu, ila alimpa mahali pa juu kidogo kwa sababu angalau aliuliza.

Maonyesho yakafunguliwa. Kazi ilitundikwa kwenye ukuta mweupe, taa zimeielekea, na kibao cha kukataza kugusa kikiwa kando yake. Watu walikuja na glasi za maji ya matunda mikononi, wakasimama mbele yake wameinamisha vichwa upande mmoja, wakisema kwamba inawakumbusha nyumbani kwao. Nembo alisimama kando amevaa viatu vya kubana, akiwasikiliza, na yeye akamwona kila mmoja mjinga kwa namna yake. Aliyesifu maua alikuwa mjinga. Aliyehuzunika alikuwa mjinga zaidi, kwa sababu ungedhani yeye ndiye aliyelala chini ya meza.

Kisha wakaja kaka na dada. Kaka aliitazama picha, akajitambua chini ya meza, akafurahi kama mtu aliyeona jina lake gazetini. Akaondoka kwenda kutafuta maji ya matunda. Dada alibaki. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, mkoba ameushika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na aliitazama picha kuanzia paa, akashuka pole pole, chumba kwa chumba, kama mtu anayekagua kama kumefagiliwa.

"Umemwanika mama," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Nimeanika sebule," Nembo alisema. "Mama kama yumo, alijifungia mwenyewe."

"Mimi siko."

Nembo alikuwa amelisubiri hilo, na jibu lake lilikuwa tayari tangu siku alipoanza kuchonga. Akamwambia kwamba yeye anajulikana alikokuwa. Alikuwa na ufunguo. Alikuwa ndani na maua yake, akifuta vumbi.

Dada hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole, akakisimamisha karibu kabisa na kitambaa bila kukigusa, pale chini karibu na mlango wa uani.

"Na hili ni nini?"

"Gunia. Lilikuwa linazuia upepo. Wewe hulikumbuki?"

"Nalikumbuka sana," dada alisema. "Hilo gunia ni mimi. Blanketi lilikuwa moja na mlikuwa nalo nyinyi. Mimi nilijifunika gunia, nikalala upande wa maji ili yasiwafikie. Asubuhi ndiyo nikaenda kufuta vumbi, nguo mbichi mwilini. Unadhani nilikaa kwenye lile kochi? Hata siku moja. Nilifuta nikiwa nimesimama."

Nembo akafungua mdomo. Kitu pekee alichokipata humo kilikuwa, "Ungesema."

"Ningemwambia nani? Wewe tangu lini ukaambiwa kitu ukasikia?"

Akageuka, akaenda kumtafuta kaka, na wakaondoka. Nembo alibaki pale na viatu vyake vya kubana. Mwanamke mmoja akasogea, akamwambia kwamba gunia lile limemgusa sana. Nembo hakuweza hata kumdharau.

Kazini juma lile alishona ngao kichwa chini, rundo zima la mashati, na msimamizi akamuuliza kama anaumwa jino.  Alichokuwa anafanya kichwani ni kulirudia lile gunia. Joto lake. Gunia la nini lingekuwa na joto? Alikuwa amelikumbuka joto lile miaka yote, ameling'ang'ania, amelishona kwa mkono wake kuliko alivyomshona baba, na hakuwahi kujiuliza swali ambalo mtoto mdogo angeuliza. Yeye aliyewacheka watu waliosimama mbele ya picha wasione! Mwandaaji wa maonyesho, na skafu yake, alikuwa ameona zaidi.

Basi siku moja akaenda ukumbini na mkasi mdogo na sindano, akavuta stuli hadi kwenye picha, akaanza kulifumua gunia. Mlinzi alipiga ukelele. Mwandaaji alikuja mbio, akapauka, akamsihi aache, kisha watu wawili watatu waliokuwa mle ukumbini walipokusanyika kutazama, uso wake ukabadilika, akawanong'oneza kwamba msanii anaendeleza kazi mbele ya hadhira. Nembo alimsikia. Angalau huyu hakubadilika, mtu angeweza kumdharau kwa moyo mweupe.

Gunia likatoka lote. Lakini alipotaka kumshona dada yake, akagundua kwamba hajui alikuwaje. Alimkumbuka mgongo, na mkono wenye kitambaa cha vumbi, na ufunguo. Uso wa utotoni hakuwa nao. Kaka alipopigiwa simu alisema alikuwa msichana wa kawaida tu, kisha akaanza kueleza mpango.

Hapakuwa na njia nyingine. Akaenda kwa dada yake. Dada alifungua mlango, akamtazama, wala hakumuuliza habari. Wakapita sebuleni. Makochi ya mama yalikuwa yamepangwa vile vile kama zamani, na kabati la vyombo, na juu ya makochi dada alikuwa ametandika nailoni nzito inayong'aa. Mdomo wa Nembo ulianza kubinuka wenyewe. Akaukaza. Hawakukaa pale. Dada alimpitisha moja kwa moja hadi jikoni, akamsukumia stuli, akainjika maji ya chai, akasimama mikono kiunoni.

"Nimekuja kuuliza ulikuwaje," Nembo akasema.

"Lini?"

"Wakati ule wa mvua. Sikumbuki sura yako."

Dada alimenya vitunguu vyote vilivyokuwa mezani kabla ya kujibu. Hatimaye akasema alikuwa amenyolewa nywele, kwa sababu ya chawa. Gauni lake lilikuwa limekatwa kutoka pazia la zamani la sebule, lenye mistari. Alikuwa na kovu hapa, kwenye nyusi, alilolipata alipojigonga kwenye kabati la vyombo akifuta vumbi. Mama alikagua kioo kwanza. Alilisema hilo kavu kavu, na mdomo wake, Nembo aliona, ulikuwa umebinuka upande mmoja. Nembo hakujua kwamba na dada anao mdomo huo. Wakanywa chai. Hakuna aliyeomba radhi. Nembo alitaka kuuliza, basi nailoni ya nini, na dada aliona anataka kuuliza, na uso wake ukamwambia asithubutu.

Akamshona. Kichwa kilichonyolewa, gauni la mistari, kovu, gunia limefunika miguu tu. Macho aliyaacha wazi, hayakulala, yakitazama mlango wa uani. Alimpigia simu kumwambia kazi imekwisha, akamwalika aje aone. Dada akasema ana kazi nyingi, na kwamba miguu inamuuma, na kwamba mambo ya kusimama mbele ya kitambaa ni ya watu wasio na shughuli. Nembo akasema sawa. Hakumbembeleza, hawakulelewa hivyo.

Lakini alikuja. Alikuja siku ya kazi, asubuhi, wakati ukumbi hauna mtu, na Nembo asingejua kama asingekuwa ameenda kuchukua mkasi aliousahau. Alimkuta amesimama na mkoba wake, pua karibu iguse kitambaa.

"Pua si yangu," dada alisema bila kugeuka.

"Ndiyo yako. Nimeikosea kidogo tu."

"Umeikosea sana. Na mistari ilikuwa ya kwenda chini, siyo hivi." Akanyoosha mkono, akakiweka kiganja chake chote juu ya yule mtoto aliyenyolewa, akakiacha pale. Mlinzi akamkimbilia akimwonesha kibao, akamwambia kwamba hapa hairuhusiwi kugusa kazi za watu.

"Kazi ya nani?" dada akamuuliza, mkono hakuutoa. "Huyu ni mimi. Nijiguse mwenyewe mpaka niombe ruhusa?"

Mlinzi akamtazama Nembo, na Nembo akamtazama mlinzi kwa ile dharau yake ya siku zote, mpaka akarudi kwenye kiti chake mlangoni.